Kujazia shafti ya stenlesi ya matensiti kwa weldi: mwongozo kamili kwa karakana za Unguja na Pemba

Fundi yeyote anayejua kushika rodi anaweza kujaza shafti ya pampu iliyoliwa na pakini, yaani pete za kuzuia maji yasivuje pembeni mwa shafti. Kinachoharibu kazi ni moto: namna shafti ilivyopashwa kabla, ilivyoshikwa na joto wakati wa kazi, na ilivyopozwa baadaye. Shafti hutoka karakana inang'aa, kesho yake ikapasuka pembeni mwa weldi, na lawama zote zikaangukia rodi. Mara nyingi rodi haina kosa.

Stenlesi ya matensiti ni ile yenye kromi asilimia 12 hadi 17 pamoja na kaboni ya kutosha kuifanya iwe ngumu. Chuma cha kawaida hadi kiwe kigumu hutakiwa kichovywe kwenye maji au mafuta kikiwa chekundu. Hiki kinakuwa kigumu kwa kupoa hewani tu. Kwa hiyo ukiweka mstari mmoja wa weldi juu ya shafti baridi, ukanda mwembamba wa milimita 2 au 3 chini na pembeni ya weldi unageuka matensiti, yaani muundo mgumu na tete kama kioo. Ongeza haidrojeni iliyotoka kwenye rodi yenye unyevu, na mvuto wa weldi inayosinyaa, hapo ufa hauna budi.

Mfano tutakaoufuata ni shafti ya pampu ya maji ya juu ya ardhi, kama zile za mabonde ya mpunga au za mahoteli ya pwani. Kipenyo ni 50 mm, chuma ni stenlesi ya daraja la 420, na pakini imekula mtaro wa kina cha 1.2 mm kwenye urefu wa 80 mm.

Kwanza ujue umeshika chuma gani

Anza na sumaku. Stenlesi za 304 na 316 hazishiki sumaku, au zinashika kidogo sana. Ikishika kwa nguvu na chuma kinang'aa, inaweza kuwa 410, 420, 431, 416, 17-4 PH au dupleksi, na hizi hazifanyiwi kazi sawasawa.

Tafuta namba iliyogongwa kwenye ncha ya shafti au kwenye kitabu cha pampu. Kama hakuna, kereza kidogo pale ambapo hapana kazi uangalie vipande vinavyotoka. Vikiwa vifupi na vinavunjika vyenyewe kama makapi, shuku 416. Hiyo imetiwa salfa makusudi ili ikerezeke kirahisi, na salfa hiyo ndiyo inayopasua weldi ingali moto. 416 usiijaze, tengeneza shafti mpya. Ukipitisha tupa ikateleza bila kukwangua, una 420 au 431 iliyokwisha kutiwa ugumu.

Kama huna uhakika kabisa, ifanye kama 420, yaani moto mkubwa wa kupasha na rodi ya 309, ila usiipeleke kwenye tanuri ya digrii 700. Ikiwa kumbe ni 17-4 PH, moto huo unaiondolea sehemu kubwa ya nguvu yake.

Si kila shafti ya kujazwa

Palipo na njia ya ufunguo, kwenye nyuzi, kwenye shingo ya kapilingi na kwenye mteremko wa propela, usijaze. Hapo ndipo msokoto unapokusanyika, na ukanda mgumu wa weldi hapo ni ufa unaongoja siku yake. Shafti ya propela ya chombo cha abiria nayo isiguswe mpaka mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri Baharini ahusishwe. Kwa chombo kama hicho shafti mpya ni nafuu kuliko hasara yake.

Na kabla ya kuwasha mashine, jiulize kama weldi inahitajika kweli. Mtaro wa chini ya 0.3 mm unaweza kukerezwa na kung'arishwa tu. Pakini ikiweza kusogezwa milimita 10 mbele kwa kuongeza pete moja nyuma yake, kazi imekwisha. Bushi ya stenlesi ya kuvalisha kwa moto nayo haileti ukanda mgumu wowote, kama nafasi ndani ya nyumba ya pakini inaruhusu. Weldi ni ya pale njia hizi zote zimegoma.

Vitu vya kuandaa

Rodi za safu ya kwanza ni E309LMo-16 za 2.5 mm, na za safu ya pili ni E316L-16 za 2.5 mm. 309LMo ikikosekana, 309L inafaa. Usianze na 308 wala 316 moja kwa moja juu ya chuma hiki, na sababu iko kwenye hesabu. Weldi ya rodi huchanganyika na chuma cha chini kiasi cha asilimia 30. 309L ina kromi kama 23.5 na nikeli 13. Ukichukua sehemu 70 zake na sehemu 30 za 420, ambayo ina kromi 13 na haina nikeli ya maana, unabaki na kromi 20 na nikeli 9. Hiyo bado ni stenlesi laini na yenye uvumilivu. 316 haina ziada ya namna hiyo; mchanganyiko ukizidi kidogo, sehemu ya weldi yenyewe inageuka matensiti.

Idadi ya rodi nayo ina hesabu yake. Tutakereza mpaka 45 mm na kujaza mpaka 53 mm, kwa urefu wa 90 mm. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 55, sawa na gramu 440 za weldi. Rodi moja ya 2.5 mm huacha gramu 9 hadi 10, kwa hiyo zinahitajika kama 48. Nunua 60, nusu kwa nusu.

Vingine: mashine ya kuchomelea ya DC, tochi mbili za gesi ya kupikia zenye mdomo mpana (mtungi wa kilo 15 unatosha na kubaki), chaki za joto za digrii 250 na 350 (huyeyuka joto hilo likifika) au themokapo ya aina K, waya wa kupimia joto unaochomekwa kwenye mita, blanketi la seramiki, brashi ya waya wa stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma cheusi, rangi ya kupenya ya kukagulia nyufa, na roli za kuzungushia shafti. Valia barakoa ya vichungi, si kitambaa. Moshi wa rodi za kromi una sumu ya mapafu. Na kazi isifanyike chini ya paa la makuti.

Kuosha na kukereza

Shafti iliyokaa na maji ya chumvi ina chumvi ndani ya vishimo ambayo jicho halioni. Ioshe kwa maji matamu, isugue, iache ikauke, kisha ioshe tena. Visima vingi vya pwani vina chumvichumvi, kwa hiyo maji ya mvua ni salama zaidi. Ondoa grisi kwa asetoni na kitambaa safi, bila kuacha mabaki ya mafuta ya pakini.

Kereza sehemu iliyoliwa mpaka 45 mm. Chini ya mtaro kulikuwa 47.6 mm, lakini unene wa mwisho wa weldi ukiwa chini ya milimita 2 utabaki na safu ya kwanza tu, ile iliyochanganyika sana na chuma cha chini. Miisho ya shimo isiwe ngazi kali. Ipe mteremko wa digrii 30 hadi 45, na kona ya chini iwe ya mviringo wa 3 mm. Kona kali huzuia rodi kufika chini, takataka zikabaki ndani.

Paka rangi ya kupenya kabla ya weldi ya kwanza. Ufa wa zamani ukifunikwa, utapanda juu kupitia weldi mpya. Ukiuona, uchimbe kwa kukereza mpaka uishe. Ukizidi milimita 5 kwenda chini kwenye shafti ya 50 mm, iache.

Kukausha rodi

Visiwani humu rodi iliyofunguliwa haikai. Wakati wa masika pakiti iliyoachwa wazi usiku mmoja imekwisha kunywa unyevu. Zikaushe digrii 300 kwa saa 2, au kama pakiti inavyosema, kisha zitoe chache chache na uzitumie ndani ya saa 4. Oveni ya mikate inafaa ikifika joto hilo, mradi isirudi tena kuokea mikate. Jiko la mkaa halifai, kwa sababu upande mmoja unaungua unga na upande wa pili unabaki mbichi. Rodi yenye unyevu huonekana mapema: inarusha cheche nyingi, na sentimita ya kwanza ya kila mstari inatoka na vitundu.

Kupasha

Hapa usiwe na haraka. Viwango ni hivi: 410 digrii 200 hadi 300, 431 vivyo hivyo, na 420 digrii 250 hadi 350. Kwa shafti yetu lenga 300.

Zungusha shafti polepole kwenye roli muda wote. Ikisimama na moto uko upande mmoja, inapinda, na upindaji huo hautoki. Pasha sehemu ya kazi pamoja na milimita 100 kila upande. Joto likifika 300 juu, endelea kulishikilia dakika 30 ili liingie mpaka katikati. Chuma hiki kinapitisha joto kwa nusu tu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo uso ukiwa 300 moyo unaweza kuwa bado 150.

Kipimajoto cha bastola kinadanganya kwenye stenlesi inayong'aa, maana uso huo hautoi mionzi ya kutosha. Kinaweza kukuonesha 150 na shafti iko 300, nawe ukaendelea kumimina moto. Paka doa la rangi nyeusi ya kuhimili joto nje ya eneo la weldi na upimie hapo, au tumia chaki. Chaki usiipake juu ya sehemu itakayojazwa.

Upepo nao ni adui. Karakana iliyo wazi upande wa kusini wakati wa kusi inapoteza joto upande mmoja wa shafti kuliko mwingine. Weka bati au turubai.

Kujaza

Bano la ardhi lishike shafti yenyewe, karibu na kazi. Ukilishika kwenye kiti cha mashine ya kukereza, umeme unapita kwenye beringi na kuzichoma.

Umeme uwe DC, rodi upande wa chanya, ampea 60 hadi 75. Arki, yaani mwale wa umeme kati ya rodi na chuma, iwe fupi, kiasi cha unene wa rodi. Usiwashe arki nje ya eneo la weldi hata kidogo. Alama ndogo ya kugusa rodi, isiyozidi punje ya mtama, ni doa gumu ambalo ufa unaweza kuanzia. Anzia ndani ya shimo, au juu ya mstari uliotangulia.

Kama una roli zinazozunguka kwa mwendo sawa, jaza kwa kuzunguka, mstari ukifuata mstari kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Kama huna, piga mistari mirefu inayofuata urefu wa shafti kwa kupokezana: mmoja juu, unaofuata upande wa chini wake, kisha kushoto, kisha kulia. Mistari yote ikipangwa upande mmoja, shafti inajikunja kuelekea huko.

Jambo la kuangalia kwa karibu ni pale ncha ya rodi inapoelekezwa. Isielekezwe kwenye chuma kitupu. Ielekeze kwenye ukingo wa mstari uliopita, ili nusu ya weldi mpya ikae juu ya weldi ya zamani na nusu tu iguse shafti. Ukifanya hivyo mchanganyiko unabaki karibu na asilimia 30 au chini. Ukielekeza kwenye chuma kitupu na kuongeza ampea ili iende haraka, unapita 50, na safu ya kwanza inapasuka katikati ya mstari ingali moto. Upana wa mstari usizidi mara mbili na nusu ya rodi, usiyumbishe mkono.

Mwisho wa kila mstari jaza shimo linalobaki kabla ya kukata arki, kisha vunja ganda la juu ya weldi, piga brashi, na upime joto. Lisishuke chini ya 250, lisipande juu ya 350. Likipanda, ngoja; usipulizie hewa.

Safu ya pili ya 316L iishie milimita 3 ndani ya ukingo wa safu ya kwanza, kila mwisho. Sababu yake ni kubwa kuliko inavyoonekana: moto wa safu ya pili unapita kwenye ukanda mgumu ulioachwa na safu ya kwanza na kuutuliza, yaani kuupunguzia ugumu, bila kutengeneza ukanda mgumu mpya. Mstari wa pili ukiteleza na kugusa chuma cha shafti, faida hiyo imepotea pale pale. Malizia mpaka kipenyo kifike 53 mm, pasibaki bonde.

Umeme ukikatika katikati, tochi zibaki zinawaka na shafti ibaki 250. Ndiyo maana mtungi usio na gesi ya akiba hauanzi kazi hii. Jenereta ya kVA 5 inaendesha mashine ya kuchomelea ya inveta kwa rodi za 2.5 mm bila taabu. Shafti ikipoa kabisa, usiendelee kana kwamba hakuna kitu: kagua kwa rangi, pasha upya mpaka 300, dakika 30, ndipo uendelee.

Kupoza na moto wa kutuliza

Kuna njia mbili, na tofauti yake ni tanuri.

Ukiwa na tanuri, usiipeleke shafti huko ikitoka kwenye weldi moja kwa moja. Kwa joto la 300 sehemu ya ukanda wa pembeni bado haijageuka matensiti. Ukiipandisha 680 wakati huo, itageuka baadaye ikipoa, na itabaki ngumu bila kutulizwa. Iache ishuke polepole ndani ya blanketi mpaka kati ya digrii 100 na 150, ishikilie hapo saa 1, isipoe zaidi. Kisha ipandishe kwa digrii 100 kwa saa: 650 hadi 700 kwa 410 na 420, 600 hadi 650 kwa 431. Ishikilie saa 1 kwa kila 25 mm, yaani saa 2 kwa shafti yetu, kisha ishushe kwa mwendo ule ule mpaka 300. Usiweke muda mrefu zaidi ya huo, kwani weldi ya 309 ikipikwa sana inakuwa tete yenyewe.

Joto la kati ya 400 na 580 lisitumike kutuliza. Ndani ya kiwango hicho chuma hiki kinazidi kuwa tete na kinapoteza uwezo wa kupinga kutu. Kumaliza kwa tochi "mpaka iwe bluu kidogo" ni kuangukia karibu na hapo, bila kujua ni wapi hasa.

Bila tanuri, tegemea safu ya pili iliyopigwa vizuri na upozaji wa taratibu. Shikilia 300 kwa nusu saa, funga blanketi nene, au izike ndani ya sanduku la chokaa kavu, isitolewe mpaka kesho. Chokaa iwe imepashwa kabla. Yenye unyevu inatoa mvuke na kupoza ghafla. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi. Shafti ya namna hii inafaa kwa pampu ndogo isiyopigwa na mishtuko. Kwa mzigo mzito tafuta tanuri.

Kukagua na kukereza

Ufa wa haidrojeni huchelewa. Subiri saa 48 tangu ipoe, kisha paka rangi ya kupenya, hasa kwenye mstari unaotenganisha weldi na shafti. Pitisha tupa ndogo hapo hapo: ikiteleza kama juu ya kioo ilhali juu ya weldi inakwangua, ukanda ule bado ni mgumu mno.

Weldi ya 309 na 316 huzidi kuwa ngumu ncha ya kukerezea inaposugua bila kukata. Tumia ncha ya kabaidi, mizunguko kama 480 kwa dakika kwa kipenyo cha 53 mm, kina kisichopungua 0.5 mm kwenye mapito ya kukwangua, mwendo wa 0.2 mm kwa mzunguko. Acha 0.3 mm ya mwisho, maliza kwa ncha mpya, kisha ng'arisha kwa karatasi laini mpaka kucha isikwame popote. Uchezaji wa shafti kwenye dayo geji (saa ya kupimia uchezaji) usizidi 0.05 mm. Imepinda? Usiisukume kwa presi kwenye sehemu ya weldi. Ondoa rangi ya bluu na kahawia iliyobaki pembeni, kwa kuwa kutu huanzia hapo. Paka rangi ya kupenya mara ya pili. Vitundu vilivyofichika hujitokeza baada ya kukereza.

Ikienda kombo

Ufa kwenye ukingo wa weldi siku ya pili: joto la kupasha halikufika, au rodi zilikuwa na unyevu. Ufa katikati ya mstari, unaoonekana ingali moto: ampea nyingi, mchanganyiko umezidi, au chuma ni 416. Vitundu kila mwanzo wa mstari: unyevu au grisi. Weldi inabanduka kama ganda: uso ulikuwa mchafu au ampea zilikuwa chache. Mstari wa kutu unaozunguka ukingo wa weldi baada ya wiki chache: rangi ya moto haikuondolewa, au chumvi ilibaki.

Ufa wowote ule, usijazie juu yake. Kereza weldi yote pale mpaka rangi ya kupenya isioneshe kitu, anza upya kutoka kwenye kupasha.

Weldi hii ya 316L ni laini kuliko 420 iliyokuwepo, kwa hiyo pakini ngumu yenye mchanga itaila mapema. Funga pakini ya grafiti, usiikaze kavu, acha maji yadondoke matone 40 hadi 60 kwa dakika, na baada ya saa 100 za kazi fungua uangalie kama kuna mchirizi.